Muda wa kusoma vitabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nayapata kazini, kwenye sherehe za ndoa, saluni, na kwa majirani wanaoniona na kitabu mkononi. Wengi wanaoniuliza wanaishi Dar es Salaam kama mimi, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku. Aliyeko Mombasa, Bujumbura au Muscat ataweka foleni ya kwao mahali pa foleni yetu.

Sina muda kabisa. Nianzie wapi?

Anza na kitabu. Mtu akiniambia hana muda, huwa namuuliza anasoma kitabu gani kwa sasa. Mara nyingi hakuna, au kipo kimoja alichopewa na mtu mwaka jana, hakipendi, na kila akikitazama anajiona ana deni. Mtu wa hivyo hata umpe likizo ya mwezi mzima hatasoma. Lakini aliyefika pale kwenye hadithi ambapo yule binti ameshapanda meli na haijulikani kama atarudi kwao, huyo atasoma hata akisubiri maji ya chai yachemke.

Mtaani kwetu kuna mama anauza chapati asubuhi. Riwaya yake ameifunika kwa gazeti isiingie mafuta, na huiweka juu ya kifuniko cha ndoo ya unga. Mteja akishapewa chenji na kuondoka, yeye anafuta vidole kwenye kanga, anafungua pale alipokunja. Akija mteja mwingine anaifunga. Siku nzima anasoma vipande vya dakika tatu, nne. Nilipomuuliza anapataje muda alinishangaa, maana yeye hajawahi kuufikiria muda, anaifikiria hadithi.

Jambo la pili ni mahali kitabu kinapokaa. Kitabu kilichofungiwa kwenye kabati la vioo sebuleni, pamoja na vikombe vya wageni, hakisomwi. Kiweke kwenye mkoba unaotoka nao kila siku, au juu ya mto, au jikoni pale unaposubiri maharage yaive. Mkono ukifika kwenye kitabu bila kuinuka, utasoma.

Dakika ngapi kwa siku zinatosha?

Tupige hesabu. Kurasa 10 kwa siku ni kurasa 300 kwa mwezi na 3,650 kwa mwaka. Riwaya ya Kiswahili yenye kurasa 200 tayari tunaiita nene, na hata hivyo hapo umesoma 18 kwa mwaka. Ukisoma kurasa tano tu kwa siku, ni tisa. Kama unataka kujua mwendo wako, weka saa ya simu dakika 10, soma kama kawaida bila kukimbia, kisha hesabu kurasa. Wengi hugundua kwamba kurasa 10 zinaisha kabla ya dakika 25.

Hizo dakika zimo kwenye kusubiri. Benki, kliniki, ofisi za serikali, stendi, pantoni ya Kigamboni ikiwa bado iko ng'ambo. Sisi wanawake tuna saluni: kusuka rasta ndogo kunakula saa nne, tano, na msusi hahitaji macho yako, anahitaji kichwa kitulie. Sioni mahali pengine mjini ambapo mtu mzima anakalishwa kimya muda wote huo, na nasikitika zinapopita zote kwenye kutazama tamthilia iliyokwisha kurudiwa mara tatu.

Nikisoma kwenye daladala nasikia kizunguzungu. Nifanyeje?

Hauko peke yako. Sikio la ndani linahisi gari likiyumba na kuruka matuta, wakati macho yako yaliyo kwenye ukurasa yanaona kitu kimetulia. Ubongo unapata habari mbili zinazogongana, na tumbo ndilo linalolipa. Wapo wanaosaidika kwa kukaa siti za mbele na kuinua macho kila baada ya aya moja. Wengine hawasaidiki na chochote, na hao nawashauri waache kabisa kusoma ndani ya gari linalotembea. Lakini foleni ya Dar si gari linalotembea. Gari likisimama Tazara au Ubungo kwa robo saa, fungua kitabu. Likianza kusogea, funga.

Vinginevyo soma kabla ya kupanda. Kuna jamaa anafika kituoni Kimara mapema, anayaacha mabasi ya kwanza ya mwendokasi yaliyojaa hadi mlangoni, anasoma amesimama, kisha anapanda lenye nafasi. Anasema hachelewi kazini kuliko wale wanaosukumana.

Na neno moja kwa wanaosoma kwa simu dirishani: vioo vikiwa wazi kwenye foleni, wakwapuaji wako kazini. Riwaya ya karatasi haijawahi kukwapuliwa mbele ya macho yangu.

Usiku nikishika kitabu nasinzia ukurasa wa pili. Je, mimi si msomaji?

Wewe ni mtu aliyechoka. Umeamka saa kumi na moja, umepanda magari mawili, umefanya kazi, umerudi na magari mawili, umepika. Kitabu unakipa kilichobaki, na hakuna kilichobaki. Usiku uache uwe wa kulala.

Jaribu alfajiri. Wanaoswali alfajiri na wanaoamka kwa sala ya asubuhi tayari wana dakika fulani kati ya ibada na purukushani za nyumba, watoto bado hawajaamka, jirani hajafungulia muziki. Hata robo saa ya wakati ule ina uzito kuliko saa nzima ya usiku. Kama asubuhi haiwezekani, jaribu saa ya chakula cha mchana: kula kwanza, kisha kabla ya kurudi kazini soma kidogo chini ya mti au kwenye ngazi. Wenzako watazoea.

Ikibidi iwe usiku, soma umekaa kwenye kiti, taa iko nyuma ya bega, na usingizi ukija ukubali uende kitandani.

Tayari nasoma Kurani (au Biblia) kila siku. Hiyo nayo inahesabika?

Inahesabika, na inakupa kitu ambacho wengine wote wanahangaika kukitafuta: saa maalumu, mahali maalumu, na mwili uliozoea kukaa na maandishi. Usiiguse ibada yako wala usiipunguze. Ukimaliza, kabla ya kuinuka, chukua kitabu kingine kilichopo pembeni usome kurasa tatu. Nimeona watu wazima ambao hawakuwahi kumaliza riwaya maishani wakizimaliza kwa njia hii, maana hawakulazimika kutafuta muda mpya, waliurefusha ule uliokuwepo.

Nilichukia vitabu shuleni. Kuna matumaini?

Yapo makubwa. Fikiria tulivyosomeshwa. Kitabu kilikuwa kimoja kwa wanafunzi watano, kimechanika mwisho, na kabla hujajua hadithi inahusu nini umeshaambiwa uorodheshe fani na maudhui: dhamira, wahusika na wasifu wao, mtindo, matumizi ya lugha, ufaafu wa mandhari. Wengi wetu tulisoma vile vijitabu vya uchambuzi badala ya riwaya yenyewe, tukafaulu, tukaondoka tukiamini kwamba kitabu ni kitu cha kujibia swali. Nchi jirani ya Kenya nao wana setibuku zao, yaani vitabu vilivyoteuliwa kwa mtihani, na wana malalamiko yaleyale.

Mimi nasema rudi kwenye kimoja kati ya vitabu hivyohivyo. Chukua *Kuli* ya Adam Shafi. Shuleni pengine ulikariri kwamba dhamira yake kuu ni unyonyaji na harakati za wafanyakazi. Ukiisoma sasa, umeshaajiriwa, umeshacheleweshewa mshahara, umeshaona bosi akimfokea mtu mwenye umri wa baba yake, kile kisa cha makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948 kitakukalia tofauti kabisa. Hakuna atakayekuuliza Rashidi, mhusika mkuu, ana sifa gani tano. Unaweza kumpenda, unaweza kumkasirikia, unaweza kuruka maelezo ya bandarini ukitaka, ingawa nakuomba usiyaruke.

Jambo hili linanigusa kwa sababu tunapoteza watu wengi hapa. Kijana anafunga kitabu siku ya mtihani wa kidato cha nne na hakifungui kingine hadi anazeeka, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtihani umekwisha lakini hadithi bado ni zake.

Nisome nini kwanza kwa Kiswahili?

Inategemea unapenda nini ukiwa na wenzako. Kama wewe ndiye unayetaka kujua nani kaiba, nani kamuua nani, nenda kwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Bwana Msa wake, mpelelezi mwenye kiko, aliingia vitabuni na *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960 na hajachoka mpaka leo. Kiswahili chake ni cha Unguja hasa, kina chumvi, na mazungumzo yanakwenda haraka. Kama unataka bastola, ndege na wanawake hatari, mtafute Elvis Musiba na kachero wake Willy Gamba. Kuna watu watakunja uso wakisikia hivyo. Waache. Vitabu hivyo vya mfukoni ndivyo vilivyowafanya wazazi wetu wengi wakeshe na kibatari, na mtu aliyezoea kukesha na kitabu hahitaji kufundishwa kupenda kusoma.

Kama muda wako ni mfupi kweli, *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, hakifiki hata kurasa 100. Mtu anayeitwa Karama ameshtakiwa kwa kutaka kueneza elimu ya sheria katika nchi iliyo angani, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa mbali wakarudi na mema, kisha wakaadhibiwa. Kimegawanyika vizuri kwa msomaji wa vipande: safari moja ya mjumbe kwa kikao kimoja. Lugha yake ni nzito kidogo mwanzoni. Soma kurasa tano za kwanza kwa sauti, sikio litazoea kabla ya macho.

Anayetaka kitu cha kumuumiza moyo asome *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi. Ilipotoka mwaka 1971 ilizua kelele hadi ikapigwa marufuku, kwa kuwa ilisema wazi yanayowapata mabinti wanaolelewa kwa ukali wa fimbo bila kuambiwa chochote cha dunia. Mzazi wa binti aisome. Lakini usianze Kezilahabi kwa *Nagona*. Ni kazi kubwa, na mimi naiheshimu sana, ila aliyekaa miaka kumi bila kusoma atapotea humo na kudhani kosa ni lake.

Na usijifunge kwenye riwaya. Wapo wanaopenda historia, maisha ya watu, mashairi, ufugaji wa kuku, biashara. Kitabu cha ufugaji wa kuku kilichosomwa hadi mwisho kwa hamu kina thamani kuliko riwaya mashuhuri iliyoachwa ukurasa wa 12.

Ni lazima nimalize kitabu nilichokianza?

Hapana. Kipe kurasa 40 au 50. Kikishindwa kukushika, mpe mtu mwingine. Hili ndilo watu hawalikubali, hasa kama walikinunua kwa hela yao, lakini kitabu kimoja kisichopendwa kinaweza kuziba njia ya vingine kwa mwaka mzima.

Simu inanimalizia muda wote. Nifanye nini?

Nia peke yake haitoshi, maana programu zile zimetengenezwa na watu hodari kwa kusudi la kukufanya usiondoke. Iweke mbali na mwili. Ichaji chumba kingine, na kama nyumba ni chumba kimoja, ichaji mlangoni, upande wa pili wa kitanda. Zima data unaposoma. Bando lenyewe utaona linadumu. Kama unahofia simu ya dharura kutoka nyumbani, acha mlio wa kupigiwa ubaki na uzime sauti za meseji na makundi. Mama akiugua utapigiwa simu, hutaandikiwa kwenye kundi la mliosoma nao shule ya msingi.

Kitu kingine kidogo: saa ya ukutani au ya mkononi. Wengi tunashika simu kuangalia saa, na nusu saa baadaye bado hatujui ni saa ngapi.

Kusoma kwenye simu ni kusoma?

Ndiyo. Mwenye simu tu na asome kwa simu. Ila PDF iliyopigwa picha kutoka kwenye kitabu inatesa, kwa kuwa kila mstari unavuta kushoto na kulia. Tafuta vitabu vya mfumo wa EPUB, ambavyo maandishi hujipanga upya ukiyakuza. Kuza maandishi bila aibu, punguza mwanga usiku.

Kuhusu yale mafaili ya vitabu yanayozungushwa WhatsApp: mwandishi wa Kiswahili anauza nakala chache na kila faili linalopita linamnyima. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda, lakini sheria haiingii kwenye makundi yetu, tunaingia sisi. Ninapotumiwa faili la mwandishi aliye hai huwa naandika pale pale kundini kitabu kinauzwa duka gani. Kwa hadithi za watoto zipo za bure za halali: African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha, unapakua na kuchapa bila kumwibia mtu.

Kusikiliza kitabu je?

Sikiliza. Fasihi yetu ilisikilizwa karne nyingi kabla ya kusomwa kimya. Utenzi aliotunga Mwana Kupona wa Pate mwaka 1858 kumuusia binti yake ulipita vinywani na masikioni mwa wanawake wa mwambao ambao wengi wao hawakuwa na nakala. Unaposafisha nyumba au kupiga pasi, sikio liko huru. Vitabu vya sauti vya Kiswahili bado ni vichache, kwa hiyo jirekodi: mwenye sauti nzuri katika familia asome sura moja kwa simu, amtumie bibi kijijini. Bibi atarudi kudai sura inayofuata.

Vitabu ni ghali. Navipata wapi kwa bei nafuu?

Ni ghali kweli, na anayesema bei ya kitabu ni sawa na bei ya soda mbili hajaingia duka la vitabu siku hizi. Njia zipo tatu.

Ya kwanza ni vitabu vya mtumba. Katikati ya jiji, maeneo ya Posta na Mtaa wa Samora, wauzaji wanavitandaza chini kwenye turubai, migongo imekuelekea. Vya Kiingereza ndivyo vingi, vya Kiswahili vinachanganyika humo, na mara nyingi viko chini kabisa. Chuchumaa. Angalia kurasa za mwisho kama zipo, maana ndizo zinazong'oka kwanza, na angalia ukurasa wa kwanza uone kama pana muhuri wa maktaba ya shule. Chenye muhuri kirudishe ulipokikuta. Bei inapungua ukichukua vitatu kwa pamoja. Nairobi mambo ni hayohayo kwenye kando za barabara za katikati ya mji.

Ya pili ni maktaba, na hapa watu wazima wananishangaza. Maktaba Kuu ya Taifa iko Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, Mwalimu Nyerere aliifungua mwaka 1967, na Bodi ya Huduma za Maktaba ina matawi mikoani. Ukiingia utawakuta wanafunzi wamejaza meza wakijisomea notsi zao. Sisi wengine tunapita nje kwenye daladala. Mtu mzima anaweza kujiunga kwa ada na kuazima kwenda navyo nyumbani. Uliza mapokezi masharti ya mwaka huu. Nairobi kuna Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, na matawi yake Kaloleni na Makadara. Na kule Garissa, kuanzia mwaka 1996, maktaba ya taifa ya Kenya iliwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Kama ngamia alivuka jangwa na sanduku la vitabu, mimi na wewe tunaweza kushuka kituo kimoja kabla.

Ya tatu ni kuazimana. Vitabu havirudi kwa sababu hakuna aliyeandika. Weka daftari dogo, andika jina, kitabu na tarehe mbele ya mwazimaji mwenyewe. Hakuna ugomvi, na vinarudi.

Nyumbani wananiona najitenga nikisoma. Nimeambiwa najidai msomi.

Hili swali huja kwa sauti ya chini, na zaidi kwa wanawake walioolewa na vijana wanaoishi kwa ndugu. Kwetu mtu akikaa kimya peke yake anaonekana ana jambo: amenuna, anaumwa, au anawadharau wenzake. Ukiwa ukweni ukafungua kitabu wakati mawifi wanachambua mchele, umejiletea maneno. Siwezi kukwambia uwapuuze, unaishi nao.

Dada mmoja aliyenieleza habari yake alianza kwa kusoma jikoni kwa sauti. Mwanzoni wifi zake walicheka. Alichagua riwaya ya mapenzi yenye mama mkwe mkorofi, na ilipofika sura ya tatu mama mkwe wake mwenyewe, aliyekuwa kimya kwenye mkeka, akauliza: "Mwanangu, hebu rudia hapo, amemjibu nini?" Toka hapo kazi yake kila alasiri ilikuwa kusoma, na mchele walichambua wengine. Nimeona pia wajukuu wakiwasomea babu zao ambao macho yamechoka. Kitabu kikisomwa hadharani kinakuwa cha nyumba nzima, na yule msomaji hajitengi tena.

Kwa wenye wenza: mwambie mapema. "Mume wangu, baada ya kula naomba nusu saa yangu ya kusoma, kisha tuongee." Mtu aliyeambiwa utamaliza saa ngapi haoni kwamba amepuuzwa.

Nina watoto wadogo, hawaniachi hata dakika.

Basi wasomee wao. Kitabu cha mtoto kina kurasa 20, na ukikisoma kila usiku kabla ya kulala umeshapata tabia, wameshapata tabia. Wakikuona na chako mwenyewe mchana, mpe kila mmoja kitabu chenye picha mkae pamoja. Wadogo watashikilia dakika 10 hivi kabla ya kuanza kugombana. Tumia hizo 10. Wakifika umri wa kujisomea, geuza zamu: mtoto asome ukurasa mmoja, wewe ukurasa mmoja.

Nimefika miaka arobaini na kitu, sina tena hamu ya kusoma. Kwa nini?

Kabla ya kulaumu hamu, pima macho. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho huanza kupoteza unyumbufu, na maandishi ya karibu yanafifia taratibu bila mtu kujua. Dalili utaziona: unakisogeza kitabu mbali, unatafuta dirisha, kichwa kinagonga baada ya kurasa mbili, kisha unajiambia umechoka na vitabu. Watu wengi sana, wakiwemo walimu waliosoma maisha yao yote, wameacha kusoma katika umri huu kwa sababu ya miwani tu. Nenda ukapimwe hospitali badala ya kununua ya kubahatisha kwa wauzaji wa barabarani, kwa kuwa kipimo kinaweza kubaini pia presha ya macho au madhara ya kisukari mapema. Ukishavaa, usishangae hamu ikirudi wiki ileile.

Nasahau kila ninachosoma.

Msimulie mtu. Ukimaliza sura, mweleze mwenzako mliyekaa naye kwenye gari: "Unajua huyu mzee kafanya nini?" Unachokisimulia kinabaki. Penseli pia inasaidia, mstari mwembamba pembeni, kama kitabu ni chako. Kwa riwaya usijali sana kusahau majina. Kwa kitabu cha maarifa, andika mambo mawili, matatu kwenye daftari kila unapofunga.

Maneno magumu usiyakimbilie kila moja kwenye kamusi, utachoka. Pita nayo, yatakurudia na maana itajifungua. Likirudi mara ya tatu bado ni giza, fungua *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa.

Tunataka kuanzisha kikundi cha kusoma. Tuanzeje?

Wachache: watano, sita. Wakizidi, wanaosoma ni wawili na wengine wanakuja kwa ajili ya chai. Kikwazo cha kwanza ni nakala, na suluhisho langu ni la upatu. Kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kilekile, fedha inakwenda kwa mwenye zamu, naye ananunua kitabu alichokichagua yeye. Kinazunguka kwa wote kabla hakijarudi kwake kukaa moja kwa moja. Baada ya nusu mwaka watu sita wana vitabu sita, na cha mwisho kikimaliza kuzunguka kila mmoja amesoma vyote. Wenye zamu wanachagua kwa bidii, maana wanajua watasimangwa kikiwa kibaya.

Mkikutana, msianze kwa kuchambua dhamira. Ulizeni nani alikasirika, wapi, kwa nini. Mengine yatakuja yenyewe.

Nilianza vizuri, kisha nikaacha miezi kadhaa. Nirudije?

Usirudi kwenye kile kitabu ulichokiachia njiani. Chukua kifupi, kipya, ambacho unaweza kukimaliza Jumamosi moja, hata kama ni cha vijana wa shule. Kisha cha pili kifupi. Kile cha zamani utakirudia baadaye, na ukikirudia usikianze upya: soma kurasa mbili, tatu kabla ya pale uliponasia, uendelee. Kama hukumbuki kabisa nani ni nani, mpigie aliyekuazima akukumbushe, na umwambie bado unacho.